Unga mweupe wa betri: Kabla hujaukwangua, mwondoe mtoto

ASUBUHI za Juni na Julai huko Kalenga, nje kidogo ya mji wa Iringa, ni za baridi kali. Ndipo gari lililolala nje hukataa kuwaka. Baba anafungua boneti, anakuta vichwa vya betri vimejaa unga mweupe wenye ubuluu. Anachukua kisu, anaukwangua, anaupuliza kwa mdomo, kisha anajifuta mikono kwenye suruali. Muda mfupi baadaye anambeba mwanawe kwa mikono ileile.

Gari limewaka, jambo limesahaulika. Lakini kwa afya ya mtoto, tatizo linaweza kuanzia hapo.

Unga huo ni nini?

Ndani ya betri ya gari, na betri nyingi za sola, mna tindikali na vipande vya madini ya risasi. Betri ikichajiwa kupita kiasi, ikijazwa maji mno au ikiwa na ufa, mvuke wa tindikali hutoka na kula vichwa na nyaya. Unga huzuia umeme kupita, na kwa kuwa baridi nayo hupunguza nguvu ya betri, gari hugoma.

Unga huo huunguza ngozi na macho, na unaweza kuwa na risasi. Shirika la Afya Duniani (WHO) linasema hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama. Watoto wadogo ndio huathirika zaidi, kwa kuwa ubongo wao bado unakua na mikono yao haikai mbali na mdomo. Risasi hupunguza uwezo wa kujifunza, mara nyingi bila dalili za mapema.

Majirani zetu Kenya wanalijua hilo kwa uchungu. Katika mtaa wa Owino Uhuru, Mombasa, kiwanda kilichoyeyusha betri chakavu kiliwaathiri wakazi kwa risasi. Phyllis Omido, aliyewahi kufanya kazi kiwandani hapo, aligundua mwanawe mchanga ana risasi mwilini. Alipigania haki, na mwaka 2020 mahakama iliamuru wakazi walipwe fidia ya Sh1.3 bilioni za Kenya. Unga wa betri moja haufanani na moshi wa kiwanda, lakini madini ni yaleyale.

Safisha hivi

Watoto wawe mbali. Zima gari, vaa glavu na miwani, na usivute sigara wala kuwasha kiberiti, kwa sababu betri hutoa gesi inayoweza kulipuka.

Fungua kwanza waya wa hasi (alama ya kutoa), kisha wa chanya (alama ya kujumlisha). Usikwangue unga ukiwa mkavu. Changanya kijiko kimoja cha magadi soda na kikombe cha maji, mwagia kidogo kidogo bila kuingiza kwenye matundu ya betri, na povu likitoka sugua kwa mswaki mkuukuu. Suuza, kausha, rudisha chanya kwanza na hasi mwisho. Kaza vizuri, kisha paka grisi au mafuta mgando ili unga usirudi haraka.

Ukirudi upesi, mwone fundi akague chaji na ufa.

Ukimaliza, nawa kwa sabuni kabla ya kumshika mtoto au chakula. Nguo ulizovaa zifuliwe peke yake. Mswaki ule usirudi bafuni.

Ndani ya nyumba

Betri ya sola isikae chumba cha kulala wala mahali mtoto anapofika. Maji ya betri yasiwekwe kamwe kwenye chupa ya soda au ya maji ya kunywa. Mtoto hawezi kujua tofauti. Betri iliyokufa isipasuliwe uani, bali irudishwe ikiwa nzima kwa muuzaji anayezipokea.

Tindikali ikiingia jichoni, suuza kwa maji safi yanayotiririka kwa dakika 15 au zaidi, kisha nenda hospitali. Mtoto akiimeza, usimtapishe, mwahishe hospitali.

Kesho baridi itarudi na gari litagoma tena. Kabla ya kushika boneti, angalia kwanza mtoto yuko wapi.