Ndoa, Useja na Tumaini kwa Mungu: Somo la Korintho (Sehemu ya Pili)

Sehemu ya kwanza ya makala haya ililitazama agano la ndoa kama lilivyowekwa katika kitabu cha Mwanzo na kama Bwana Yesu alivyolithibitisha alipoulizwa juu ya talaka. Leo nahamia kwa waumini ambao mimbari zetu huwapitia haraka: wasiooa na wasioolewa, wajane na wagane, walioachwa, na wale ambao ndoa yenyewe imewaelemea. Wote hawa huambiwa neno moja kanisani, yaani wamtumaini Mungu. Neno hilo ni la kweli, lakini mara nyingi hufuatana na ahadi ambayo Maandiko hayakuitoa: kwamba ukimtumaini vya kutosha atakupa mume, atakupa mke, au atambadilisha uliye naye. Ipo mikesha ya maombi ambamo kutoolewa huelezwa kuwa ni laana ya ukoo au kazi ya jini mahaba, na dada wa miaka 35 mwenye kazi na utumishi wake huitwa mbele afunguliwe kana kwamba ni mfungwa. Nasema wazi kwamba mafundisho hayo yanawajeruhi watu wa Mungu. Katika Agano Jipya ndoa haikutolewa kuwa tuzo ya imani, wala useja haukuwa adhabu ya upungufu wake. Hali zote mbili ni nafasi za utumishi ndani ya nyumba moja, na anayezishikilia zote ni Mungu mwenyewe. Ushahidi wangu mkubwa ni sura ya saba ya Waraka wa Kwanza kwa Wakorintho, ikisomwa pamoja na mazingira yaliyoizaa.

Korintho ya kale ilibomolewa na Warumi mwaka 146 kabla ya Kristo. Ilijengwa upya mwaka 44 kabla ya Kristo, kwa uamuzi wa Julius Kaisari, ikiwa koloni la Kirumi, na raia wake waliishi chini ya sheria za Roma. Sheria hizo hazikumwacha mtu aamue mwenyewe kuhusu ndoa. Kaisari Augusto alitunga sheria ya kwanza mwaka 18 kabla ya Kristo, na nyingine ikafuata mwaka 9 baada ya Kristo. Zilimtaka mwanamume raia awe katika ndoa kati ya miaka 25 na 60, na mwanamke kati ya miaka 20 na 50. Asiye na ndoa hakuruhusiwa kupokea urithi kwa wosia, isipokuwa kutoka kwa jamaa wa karibu. Mwenye ndoa asiye na mtoto alipata nusu tu ya alichoandikiwa. Mjane alipewa miaka miwili awe ameolewa tena, na aliyetalikiwa mwaka mmoja na nusu. Mwanamke aliyezaliwa huru, akizaa watoto watatu, aliondolewa chini ya usimamizi wa mwanamume. Mwanahistoria Cassius Dio ameandika kwamba makonsuli wawili ambao sheria ya mwaka 9 ilibeba majina yao, Papius na Poppaeus, wote hawakuwa na mke wala mtoto, jambo linaloonyesha jinsi dola ilivyodai kwa nguvu kitu ambacho hata wakubwa wake hawakukitimiza. Adhabu dhidi ya wasio na ndoa zilidumu hadi Kaisari Konstantino alipozifuta mwaka 320. Chini kabisa ya ngazi hiyo walikuwako watumwa, ambao sheria haikuitambua ndoa yao hata kidogo, na bwana wao aliweza kumuuza mmoja na kumbakiza mwenziwe.

Msomaji akiyajua hayo ataisikia sauti ya Paulo upya. Kutaniko la Korintho lilikusanya watu ambao dola iliwapima kwa ndoa na uzazi: raia wenye watoto walioheshimiwa, wasioolewa waliokatwa urithi, wajane waliohesabiwa miezi, na watumwa walionyimwa haki ya kuitwa mume na mke. Mtume anawaandikia wote katika sura moja. Anasema kila mmoja ana karama yake kutoka kwa Mungu, huyu hivi na yule vile. Kwa mjane anasema yuko huru kuolewa na amtakaye, mradi iwe katika Bwana, na yuko huru vilevile kubaki alivyo. Hakuna miaka miwili inayomkimbiza. Kwa wenye ndoa anasema neno ambalo wanaume wa Kirumi hawakulizoea: mke ana mamlaka juu ya mwili wa mumewe kama mume alivyo nayo juu ya mwili wa mkewe. Huyu si mtu anayeidharau ndoa. Sura mbili mbele anakumbusha kwamba Kefa na mitume wengine husafiri na wake zao, na kwamba hata yeye angekuwa na haki hiyo. Anachofanya ni kuinyang'anya ndoa kazi ambayo Mungu hakuipa, yaani kazi ya kuamua thamani ya mtu.

Wapo watakaonijibu kwamba Paulo aliandika hivyo kwa sababu ya dhiki ya wakati ule tu, na mwenyewe anaitaja katika aya ya 26. Pingamizi hili lina uzito na halifai kukwepwa. Matendo ya Mitume inasimulia njaa kubwa katika siku za Kaisari Klaudio, na maandishi ya mawe yaliyochimbuliwa Korintho yanamheshimu Tiberius Claudius Dinippus kwa kusimamia ugavi wa nafaka mjini humo, cheo ambacho watu wa zama zile walimpa mtu pale chakula kilipoadimika. Wataalamu kadhaa wanaamini dhiki ya Korintho ilihusiana na uhaba huo, na mimi naona inawezekana. Basi ushauri wa kusubiri kuoa ulikuwa na sehemu ya hekima ya wakati: mwenye njaa asiharakishe kuongeza vinywa nyumbani, na Paulo anakiri kwamba huo ni ushauri wake, hana amri ya Bwana. Hata hivyo, fundisho la karama, katika aya ya saba, linatangulia kutajwa kwa dhiki na halikufungwa nayo. Tena dhiki hiyo inatufundisha jambo ambalo wahubiri wa mafanikio hulikosa. Mtume alipowaona watu wake katika shida hakuwaahidi kwamba shida itaondoka wakioana. Aliwaonya kwamba watakaooa watapata taabu zaidi, na kwamba yeye angependa kuwapunguzia.

Pingamizi la pili ni la zamani zaidi, na ndilo zito kuliko yote. Mungu mwenyewe, katika Mwanzo sura ya pili, aliona kwamba upweke wa Adamu haukuwa mwema, akamfanyia msaidizi. Je, useja haupingani na neno hilo? Hapa ndipo inafaa tutazame mahali Paulo alipokaa. Alipofika Korintho, karibu na wakati Galio alipokuwa liwali wa Akaya, ambao maandishi yaliyopatikana Delphi yanatusaidia kuuweka kwenye mwaka wa 51 hivi, aliingia nyumbani mwa Akila na Prisila. Hawa walikuwa mume na mke waliofukuzwa Roma pamoja na Wayahudi wengine kwa amri ya Klaudio. Ufundi wao ulikuwa kushona mahema, na ufundi wa Paulo ulikuwa huohuo. Akakaa kwao, wakafanya kazi pamoja. Walipohama kwenda Efeso, walihama naye. Waraka wenyewe wenye sura ya saba uliandikwa Efeso, na mwishoni mwake Paulo anapeleka salamu za Akila na Prisila na za kanisa lililokutana nyumbani mwao. Maana yake, mseja aliyeandika maneno mazito kuliko wote juu ya useja aliyaandika karibu na wanandoa aliofanya nao kazi na kuhama nao. Baadaye aliwaambia Warumi kwamba wawili hao walihatarisha shingo zao kwa ajili yake.

Kwa hiyo neno la Mwanzo juu ya upweke limebaki palepale, na Agano Jipya linalijibu kwa njia mbili: ndoa, na nyumba ya waumini inayompokea asiye na ndoa. Anayewahimiza vijana wasiooa wamtumaini Mungu huku kanisa halina meza ya kuwakaribisha amesema nusu ya neno. Na wanandoa nao walipata kitu. Maandiko hayataji mtoto wa Akila na Prisila, wala hayataji kwamba walilalamika. Yanataja kazi yao, ukarimu wao, na jinsi walivyomfundisha Apolo njia ya Mungu kwa usahihi zaidi. Wakimbizi waliopoteza makao yao Roma walipata matunda ya ndoa yao kwa kumfungulia mlango mtu asiye na mke.

Hata hivyo, kwetu Afrika Mashariki kuna pingamizi ambalo Mzungu wa leo halisikii kwa uchungu tunaousikia sisi. John Mbiti, mwanateolojia wa Kenya, alieleza katika kitabu chake cha mwaka 1969 kuhusu dini na falsafa ya Kiafrika kwamba ndoa kwa jamii zetu ni wajibu unaowakutanisha waliokufa, walio hai na wasiozaliwa bado. Anayekufa bila mtoto hukosa wa kumkumbuka, na ukoo hupungua kwake. Sioni sababu ya kuidharau imani hiyo, kwa maana imetulindia watoto na wazee kwa vizazi vingi. Ukristo uliofika pwani nao uliitia nguvu bila kuichunguza. Mapadre wa Shirika la Roho Mtakatifu waliofika Bagamoyo mwaka 1868 waliwakomboa watoto kutoka utumwani, wakawalea, wakawafungisha ndoa na kuwaweka katika kijiji cha Kikristo. Kuoana kwa watu waliokuwa bidhaa sokoni kulikuwa ushindi wa kweli dhidi ya mfumo uliowanyima utu. Lakini nadhani tangu wakati ule familia yenye ndoa ya kanisani imekuwa alama ya Mkristo aliyekomaa, na wengine wakaonekana kama watu waliobaki njiani. Israeli nayo ililijua tatizo hili. Kwake kukosa mwana ilikuwa kukatika jina, na ndiyo maana neno la nabii Isaya katika sura ya 56 linashangaza: Mungu anamwahidi towashi ashikaye agano jina ndani ya nyumba yake, jina linalozidi wana na binti. Hofu ya kusahaulika ambayo Mbiti aliieleza inapata jibu kwa Mungu anayekumbuka, na jibu hilo haliwanyimi waliooa watoto wao.

Kuna wanaohofu kwamba kuuheshimu useja ni kufungua mlango wa uasherati, na wananukuu onyo la Paulo juu ya kuwaka tamaa. Onyo hilo lipo, na mwenye kuhitaji ndoa aoe bila kuona haya. Lakini hofu hiyo huwasukuma vijana katika ndoa za pupa, wakioana na mtu wasiyemjua kwa sababu umri unasogea au kwa sababu wenzao wa kwaya wamekwisha kutangazwa. Tamaa haitibiwi na cheti cha ndoa. Wachungaji wanaosikiliza kesi za wanandoa wanalijua hilo vizuri.

Upande wa wenye ndoa, fundisho la tumaini lililopotoka limeleta madhara makubwa zaidi. Mke anayepigwa huambiwa avumilie kwa sababu Mungu atamgeuza mumewe, kisha uvumilivu wake unahesabiwa kuwa imani. Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971, kifungu cha 66, inasema hakuna mwanandoa mwenye haki ya kumwadhibu mwenzake kwa kumpiga. Ni aibu sheria ya nchi ikiwa wazi kuliko ushauri wa kanisa. Paulo anataja kutengana katika sura hiihii na kusema Mungu ametuita katika amani. Kumtumaini Mungu kwa mtu wa namna hiyo kunaweza kuanza kwa kuondoka usiku kwenda mahali pa usalama, na ndugu zake katika imani wanapaswa kumpokea bila kumhoji.

Basi tumaini lenyewe ni nini, kama halina ahadi ya mume au mke? Manabii wanatusaidia. Yeremia alikatazwa kuoa. Ezekieli alikuwa na mke aliyempenda, akafiwa naye siku moja. Hosea alioa, na ndoa yake ikamchoma moyo. Hakuna kati yao ambaye Mungu alimtupa, na hakuna ambaye hali yake ya nyumbani ilikuwa kipimo cha imani yake. Katika Luka tunakutana na Ana binti Fanueli, aliyeishi na mumewe miaka saba tu kisha akawa mjane hata uzee. Anapomwona mtoto Yesu hekaluni, hapewi mume wala hafidiwi miaka yake. Anapewa kumwona yule aliyemngoja, na anawasimulia wote waliotazamia ukombozi wa Yerusalemu. Dada anayelia usiku kwa kutamani nyumba yake mwenyewe ana haki ya kulia, na ana haki ya kuomba mume. Hana alilia kwa uchungu mbele za Bwana akiomba mtoto, wala hakukemewa na Mungu. Ninachokataa ni kumwambia kwamba jibu la Mungu likiwa hapana, au likichelewa, kosa ni lake.

Kinachofuata ni suala la matendo. Makanisa yetu yana kamati za harusi zenye mweka hazina, kadi za michango na vikao vya kila juma. Mjane anayefukuzwa na mashemeji kwenye shamba la marehemu mumewe hana kamati. Waraka wa Kwanza kwa Timotheo, sura ya tano, unaagiza utaratibu wa kuwatunza wajane, wenye orodha na masharti, na unawataka watoto na wajukuu wao kuanza kutenda wajibu wao nyumbani kabla kanisa halijabeba mzigo. Namna utaratibu huo ulivyofanya kazi, na kwa nini ulififia, ndiyo mada ya sehemu ya tatu.