Shatter: kipaji cha mchawi wa barafu ambacho wengi wanakilaumu bure

Wadau, kuna swali linanirudia kila mara kutoka kwa washkaji wanaocheza World of Warcraft: "Nimeweka pointi zote tano kwenye Shatter, mbona namba hazipandi?" Wengine wameshaamua kuzitoa wahamie kwenye moto. Kabla hujaenda kwa mwalimu kufuta vipaji, soma kwanza hapa, maana kufuta siyo bure. Mara ya kwanza dhahabu 1, ya pili 5, ya tatu 10, halafu inazidi kupanda mpaka inafika 50 kwa mara moja. Dhahabu 50 kwa mtu anayeuza vitambaa vya maadui ni jasho la siku nyingi.

Nazungumzia toleo la Classic, lile ambalo Blizzard walilirudisha Agosti 2019 kwa sheria za 2006. Na nikisema mchawi simaanishi yule wa kupanda ungo usiku. Huyu wa kwetu amevaa joho la kitambaa, hana ngao, na akikutana na shujaa mwenye shoka ana kwa ana basi kwisha kazi. Kinachomweka hai ni umbali na barafu. Ukilielewa hilo, Shatter yote imeshaeleweka nusu.

Kipaji chenyewe kinafanya kitu kimoja tu. Kila pointi inaongeza asilimia 10 kwenye uwezekano wa uchawi wako kutoka kama pigo zito, yaani ile namba kubwa inayoruka kwenye skrini. Pointi tano, asilimia 50. Ila kuna sharti: adui awe AMEGANDA. Siyo amepoa, siyo anatembea polepole. Ameganda, miguu imeshikwa chini, haendi popote.

Hapo ndo watu wengi wanapopotea. Kombora letu la kila siku, Frostbolt, linampunguza adui mwendo kwa asilimia 40. Anakuwa wa bluu, anajikokota kama mzee mwenye baridi yabisi, na mchezaji anadhani tayari kaganda. Hapana. Huyo kapunguzwa mwendo tu, na kwa Shatter ni sawa na mtu aliyekaa juani. Ukirusha Frostbolt toka asubuhi hadi jioni kwa adui wa namna hiyo, pointi zako tano zimelala usingizi.

Kwenye Classic vitu vya kugandisha ulivyonavyo mwenyewe ni viwili. Cha kwanza ni Frost Nova, inayowashika wote walio ndani ya yadi 10 kukuzunguka, kwa sekunde 8. Cha pili ni kipaji kinachoitwa Frostbite. Ukikijaza pointi tatu, kila ubaridi wako unakuwa na uwezekano wa asilimia 15 wa kugeuka barafu kamili kwa sekunde 5. Frostbite ni bahati nasibu, kwa hiyo siwezi kukufundisha. Frost Nova unaibonyeza mwenyewe, kwa hiyo tukae hapo.

Sasa basi, sekunde 8 zinaonekana nyingi, lakini barafu inavunjika. Kila adui aliyeganda akipata maumivu, kuna uwezekano akafunguka. Kwa hiyo yule anayebonyeza Frost Nova halafu papo hapo anaanza kupiga chochote kilicho karibu, anavunja gereza lake mwenyewe huku adui bado yuko puani. Na ukiwa na rafiki ambaye amemwekea adui laana au moto unaomla polepole, mwambie asubiri kidogo. Maumivu yake nayo yanaweza kuvunja barafu yako.

Fanya hesabu ya muda. Mtu anakimbia yadi 7 kwa sekunde. Ukimgandisha adui alipo karibu, geuka, kimbia sekunde 2, umeshaweka kama yadi 14 kati yenu. Geuka tena, anza Frostbolt. Kama umejaza Improved Frostbolt, inachukua sekunde 2.5 kuipika. Mpaka hapo umetumia sekunde nne na nusu hivi, bado una tatu na ushee.

Na hapa ndipo penye utamu wenyewe. Frostbolt haifiki papo hapo, inaruka hewani. Ikiwa bado njiani, wewe bonyeza uchawi usiohitaji kupikwa, kwa mfano Fire Blast. Adui bado kaganda kwa sababu bado hajaguswa. Vyote viwili vinamkuta kwenye barafu ileile, na vyote viwili vinapata zile asilimia 50. Ndiyo, hata Fire Blast ambayo ni moto! Shatter haiulizi uchawi wako ni wa rangi gani, inauliza adui yuko kwenye hali gani.

Mtu atasema, lakini ukimaliza uchawi mmoja si lazima usubiri sekunde 1.5 kabla ya mwingine? Hiyo saa ya sekunde 1.5 inaanza kuhesabu pale unapoanza kuipika Frostbolt, siyo unapoimaliza. Upishi ni sekunde 2.5, kwa hiyo kombora linapotoka mkononi saa imeshaisha zamani. Vidole vyako viko huru.

Ndo maana nilisema kimbia sekunde 2, siyo 4. Fire Blast inafika yadi 20 tu. Ukienda mbali sana unabaki unaiangalia Frostbolt ikienda peke yake. Ukikaa karibu sana, Frostbolt inafika kabla kidole cha pili hakijashuka, barafu inavunjika, na pigo la pili linamkuta mtu aliye huru.

Kwa namba inakuwaje? Chukua mchawi wa kawaida mwenye asilimia 10 za pigo zito. Kwa adui aliyeganda anakuwa na 60. Ukiongeza kipaji cha Ice Shards, pigo zito la barafu linakuwa mara mbili ya la kawaida badala ya mara moja na nusu. Frostbolt iliyokuwa inakupa wastani wa 110 kwa kila 100, sasa inakupa 160. Na uwezekano wa mapigo yote mawili kutoka mazito pamoja ni asilimia 36, zaidi ya mara moja katika kila tatu. Bila Shatter ingekuwa asilimia 1. Moja! Ndo maana wachezaji wenzako wanachukia sana kupigana na mchawi wa barafu. Anapigwa na hajui kimetoka wapi.

Kwetu sisi wa huku kuna suala la laini. Seva za Ulaya ziko mbali, na mchezo huu wa kubonyeza kombora likiwa hewani unategemea vipande vya sekunde. Kabla ya nyaya za baharini kufika pwani yetu, SEACOM mwaka 2009 na EASSy mwaka 2010, intaneti nyingi ya hapa ilipita kwenye setelaiti iliyo kilomita karibu 36,000 juu. Kwenda na kurudi ni nusu sekunde kabla hujahesabu kitu kingine. Kwa laini ile, Shatter ilikuwa kamari. Leo nyaya zipo, na gemu lenyewe linakusaidia: katika milisekunde 400 za mwisho za kupika uchawi unaruhusiwa kubonyeza unaofuata, na seva inaupokea mapema. Kwa hiyo usisubiri Frostbolt itoke ndo ubonyeze. Bonyeza ikiwa inakaribia kuisha. Kama laini ya kafe yako inachelewa chini ya milisekunde 400, hutaona tofauti kubwa na jamaa aliyekaa Ujerumani.

Kuna mahali ambapo Shatter haina kazi kabisa, nako ni kwa mabosi. Bosi wa uvamizi mkubwa hagandi, hata umwagie barafu ya ziwa zima. Ndiyo sababu wachawi wengi waliokwenda Molten Core walitumia barafu (kule karibu kila kitu ni moto, na Ragnaros moto haumuingii hata kidogo) lakini Shatter waliiruka. Kama kazi yako ni kusimama nyuma na watu 39 wengine mkimpiga bosi, peleka pointi kwingine. Kama unapigana na wachezaji au unasafiri peke yako, jaza zote tano. Unaweza kuwa nayo kamili ukifika levo ya 29, ukiziweka pointi zako kwenye barafu toka mwanzo.

Baadaye mambo yalibadilika. Januari 2007 ilikuja Ice Lance, haipikwi, na kwa adui aliyeganda inaumiza mara tatu, ikachukua nafasi ya Fire Blast. Mwaka 2008 Shatter ikawa pointi tatu tu, na kikaja kipaji cha Fingers of Frost ambacho kwa bahati kinakuruhusu umchukulie adui yeyote kama ameganda, hata bosi. Mwaka 2010 wakaacha kujumlisha asilimia, wakaanza kuzidisha: pointi mbili zilizidisha uwezekano wako mara tatu. Maoni yangu? Napenda ile ya zamani. Ile ya Fingers of Frost inakusubirisha taa iwake, ya zamani unaiwasha mwenyewe.

Mwenye Classic leo ajaribu hivi: nenda kwa adui mmoja wa levo yako, Frost Nova, hatua za sekunde 2, Frostbolt, Fire Blast. Rudia mara kumi uangalie namba. Frost Nova inarudi kila baada ya sekunde 25, au 21 ukiwa umejaza Improved Frost Nova, kwa hiyo dakika tano zinatosha.