Je, Wajua? Mkono wa Daktari wa Moyo Hupimwa kwa Milimita

Mgonjwa asiyekuwepo
Daktari anaweza kutoboa mshipa wa moyo kwa bahati mbaya, akavuta pumzi, akaanza upya bila mtu yeyote kuumia! Anafanyia mazoezi kwenye simuleta, mashine inayoigiza mwili. Waya na katheta (mirija myembamba) anazosukuma ni za kushikika. Ndani ya mashine vihisi husoma kila msukumo na kila msokoto, na mota hukaza ili mkono uhisi ukinzani. Moyo hudunda kwenye skrini, lakini picha ya eksirei haionekani mpaka akanyage pedali.

Njia nyembamba ajabu
Katheta inayotumika sana kuzibulia mishipa ya moyo ina unene wa milimita 2, sawa na njiti ya kiberiti. Waya unaopita ndani yake una milimita 0.36 tu! Huingizwa kwenye kifundo cha mkono au kinena, kazi ambayo Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete jijini Dar es Salaam huiita upasuaji wa tundu dogo.

Kasi si kila kitu
Mashine hurekodi dakika zilizotumika, kiasi cha dawa ya kuonyesha mishipa kwenye picha, na sekunde za eksirei, kwa kuwa mionzi humpata mgonjwa na waliomo chumbani pia. Kipimo kinachonivutia kuliko vyote ni ulaini wa mwendo. Mkono mchanga husukuma, husita, hurudi nyuma. Wa bingwa hutiririka. Wataalamu hukokotoa jinsi kasi ya ncha inavyopanda na kushuka ghafla, na tofauti hiyo wanaipata kwa tarakimu, hata pale ambapo jicho la mwalimu lingebaki na shaka.

Aliyejifanyia mwenyewe
Kabla ya simuleta, mwaka 1929, Werner Forssmann, daktari kijana wa Ujerumani, alijipitishia katheta sentimita 65 kutoka mkononi hadi moyoni, kisha akatembea kwenda kupigwa eksirei. Mwaka 1956 alipata Tuzo ya Nobel pamoja na wenzake wawili.

Makosa mara sita
Simuleta hufaa nje ya moyo pia: mwaka 2002 madaktari 16 wanafunzi wa upasuaji walilinganishwa Marekani wakitoa kifuko cha nyongo. Waliofanya mazoezi kwenye simuleta walikuwa na kasi zaidi kwa asilimia 29. Wenzao wasiofanya mazoezi hayo walifanya makosa takribani mara sita zaidi, kwa wagonjwa halisi.