Arthur Wharton: gardien wa goli, mutumikaji wa mugodi kama sisi

Sisi watu wa mugodi, mpira njo chumvi yetu. Tukitoka poste ya usiku, maneno ni paka Mazembe, Lupopo, na Kidiaba aliyekuwa anarukaruka na matako chini kisha goli. Lakini kuko gardien mumoja wengi wetu hatumujui, na yeye ni wa kwetu kabisa.

Jina lake Arthur Wharton. Alizaliwa mu 1865 ku Jamestown, Accra, inchi ya Ghana ya leo. Baba yake alikuwa muchungaji wa Wametodisti, mutu wa Grenada; mama yake alitoka ku jamaa ya wafalme wa Wafante. Walimutuma Uingereza asome, apate kuwa mutumishi wa Mungu. Kule, miguu ikamupeleka njia ingine. Mu 1886, ku London, alikimbia yadi 100, karibu metre 91, kwa segonde 10, akakuwa bingwa wa inchi.

Alilinda goli la Darlington na la Preston North End. Mu 1889 Rotherham Town ikamulipa mushahara: njo maana wengi wanamuhesabu kuwa mweusi wa kwanza wa kucheza mpira wa kulipwa. Wakati ule sheria iliruhusu adui kumusukuma gardien na bega mupaka ndani ya goli. Yeye alipiga mpira na ngumi, hakuogopa mutu. Mu 1894 aliingia Sheffield United, lakini pale alimukuta gardien Foulke, mutu munene sana, na nafasi haikutoka.

Mu 1902 mpira ukaisha, na pombe ilikuwa imemukamata. Akashuka ku migodi ya makaa. Ku Yorkshire Main, ku Edlington, bingwa wa mbio alikuwa anahangaika na vigari vya makaa, kama mutu yeyote. Vita ya 14-18 ilipokuja alikuwa na miaka karibu 50. Hakuenda ku mustari wa mbele. Alijitolea mu kikosi cha kulinda inchi nyumbani. Kisha vita, mu 1926, wenye migodi ya Uingereza walitaka kupunguza mushahara na kuongeza saa za kazi. Wachimbaji walikataa, wakafungiwa milango miezi na miezi, mupaka njaa ikawarudisha.

Wharton alikufa mu 12/1930. Walimuzika mu kaburi la mukosefu, bila jiwe, bila jina. Paka mu 1997, miaka 67 kisha, watu wa kupigana na ubaguzi mu mpira walimuwekea jiwe. Mu 2014 sanamu yake ilisimamishwa ku St George's Park, kule timu ya inchi ya Uingereza inafanyia mazoezi.

Bandugu, miaka 67 ni mingi. Na sisi tulizika mwenzetu mumoja. Mujane alipoenda kudai haki, karatasi hakuna, jina halionekane. Basi tunawaomba: mutunze karatasi za malipo, muulize kama majina yenu iko ku CNSS, muwaonyeshe mabibi na watoto fasi mumeziweka. Nguvu za mwili zinaisha, hata za bingwa. Jina liandikwe wakati mutu angali muzima.