Tukienda kulinda mpunga, nyumba inabaki na nani?

Wamama wenzangu wa Kasongo na Kabambare, muda unakaribia. Mpunga tuliopanda mwezi wa kumi utaanza kubeba, na ndege hawangojei mtu. Kila mwaka tunafanya namna moja: tunabeba sufuria, mkeka, chandarua na mtoto wa mgongoni, tunaenda kulala kwenye kibanda cha shambani wiki sita, wengine miezi miwili na zaidi, mpaka mpunga ukatwe, upigwe, ukauke. Nyuma yetu mitaa inabaki na milango iliyofungwa.

Na nyuma ya mingi ya milango hiyo anabaki msichana wa miaka 13 au 14. Tunamwita mlinzi wa nyumba.

Sisi walimu tunamjua vizuri msichana huyo. Likizo ya Noeli ikiisha, anafika darasani saa tatu badala ya saa moja na nusu, au hafiki kabisa. Asubuhi amechota maji, amepikia wadogo wake, amefagia kiwanja. Unga alioachiwa umeisha wiki ya tatu. Hapo ndipo anapotokea mtu mwenye huruma wa kumpa pesa ya sabuni, leo, kesho na keshokutwa. Mwaka wa shule haujaisha, tumbo linaonekana. Sitaji jina la mtoto yeyote, na sidhani kama kuna haja. Kila mtaa una wa kwake.

Nikiuliza wazazi kwa nini wanamwacha, jibu ni moja: nyumba haiwezi kubaki peke yake. Ni kweli. Lakini tuangalie kile tunachoogopa. Tunaogopa mvua, mchwa, panya na wezi. Mtoto wa miaka 13 atamfanya nini mwizi wa usiku? Paa likivuja, atapanda juu? Mambo hayo yanatengenezwa na mtu mzima kabla ya kuondoka, na siku nne au tano zinatosha.

Anza na paa, kwa sababu tunaondoka wakati mvua inapiga. Mchana wa jua, ingia ndani, funga mlango na madirisha, tazama juu: kila tundu litaonyesha mwanga. Penye nyasi ongeza nyasi, penye manjanja piga misumari upya na uweke jiwe au mti mzito upepo usije ukainua. Halafu chimba mfereji kuzunguka nyumba. Ukuta wa matofali mabichi hauangushwi na mvua ya juu tu. Maji yanayodondoka kutoka kwenye paa na kuruka chini ya ukuta ndiyo yanayoula polepole, mpaka siku moja pembe inakaa chini. Mfereji wa kina cha jembe moja, unaopeleka maji mbali, umeokoa nyumba nyingi kuliko kadena.

Mchwa wana desturi yao. Wanapenda mahali penye giza, unyevu na utulivu, na nyumba iliyofungwa ni hivyo hasa. Pandisha sanduku, kitanda na mifuko juu ya mawe au matofali, mbali kidogo na ukuta, ili vijia vyao vya udongo vionekane kabla hawajafika kwenye nguo. Majivu yanasaidia kidogo, ila yakilowa yamekwisha. Godoro likunjwe na kutundikwa. Chumvi itundikwe juu pia, la sivyo utakuta maji.

Jambo ambalo wengi hatulifikiri ni moshi. Mbegu za mahindi tunazoning'iniza juu ya jiko zinalindwa na moshi wa kila siku, hata nyasi za paa la jikoni. Siku mama anapoondoka moto unazimika, na wadudu wanaingia kazini. Kwa hiyo usiache mbegu juu ya jiko baridi. Zikaushe sana juani, uzitie katika bidoni safi na kavu, uijaze mpaka mdomoni isibaki hewa, ufunge kwa nguvu. Wadudu waliomo watakosa hewa na kufa. Kujua kama zimekauka, tia konzi moja ya mbegu pamoja na chumvi kavu ndani ya chupa kavu, tikisa, uache dakika chache. Chumvi ikishika kwenye chupa, bado zina maji, zirudishe juani. Maharagwe yapakwe mafuta kidogo kabla ya kufungwa. Karanga ziache ndani ya maganda, na zikiota ukungu usizipe hata kuku.

Mwaga maji yote ya mitungi na beseni, uvifunike chini juu, mbu wasitage humo. Funika choo. Fyeka majani kuzunguka nyumba, kwa ajili ya nyoka na panya, na kwa sababu majani marefu yanamwambia mwizi kwamba hakuna mtu. Zima jiko kwa maji, si kwa kulifunika na majivu.

Karatasi usiziache: cheti cha kuzaliwa, buletini za shule, karte ya uchaguzi, karatasi ya kiwanja. Zifunge katika plastiki, uende nazo au umpe mtu mzima unayemwamini. Mama mjane hasa asikie hili. Karatasi ya kiwanja ikiliwa na panya, jamaa za marehemu bwana hawatakosa maneno. Karte ya chanjo ya mtoto mdogo iende naye shambani.

Sasa ndiyo tufikie mlinzi. Mashamba yetu hayabebi siku moja. Wamama wanne wa mtaa mmoja wakikubaliana, mmoja anaweza kubaki au kurudi kila wiki kwa zamu: anafungua madirisha, anawasha moto jikoni ili moshi upite, anavunja vijia vya mchwa, anafagia viwanja vinne. Wako pia wamama wazee ambao miguu haiwawezeshi tena safari ya shamba. Hao wapewe ufunguo mbele ya shefu wa mtaa, na walipwe beseni la mpunga wakati wa mavuno. Kusema asante peke yake haitoshi, kazi ni kazi. Kuku mwachie jirani, mkubaliane mapema juu ya vifaranga.

Na msichana? Alale kwa shangazi au kwa nyanya yake, nyumba yenye mtu mzima kila usiku. Peleka naye unga, mafuta, chumvi na sabuni za muda wote huo, ukabidhi mwenyewe mbele yake, asionekane mzigo. Mjulishe mwalimu anakoishi. Ukirudi mjini kuuza au kununua, pitia umwone, umuulize mkiwa wawili. Sheria yetu ya 10 Januari 2009 inasema kila mtu wa chini ya miaka 18 ni mtoto, na mtoto halindi nyumba usiku.

Najua baadhi yetu watasema wavulana nao wanatoka shuleni kwenda kufukuza ndege. Ni kweli, na siku nyingine nitaandika juu yao. Kwa leo niseme tu kwamba waliopanda wiki moja na majirani wanagawana ndege, kila mmoja anapoteza kidogo, na utepe wa kaseti ya zamani uliovutwa juu ya mpunga unalia kwa upepo bila kukosa shule.

Katika kikao kijacho, kila kikundi kije na majina: mama atakayebaki wiki ya kwanza, na nyumba ambamo kila msichana wetu atalala.