Maziwa ya Kopo Yaingia Nyumbani kwa Njia ya Simu

Alfajiri, mitumbwi inaporejea ufukoni Rumonge na taa za kuvulia zimekwisha zimwa, akina mama huwa wamekusanyika na mabeseni yao kungojea ndagala na mukeke. Wengine wana watoto mgongoni. Mtoto akilia hushushwa, hunyonyeshwa palepale, kisha kazi huendelea, wala hapana anayegeuka kutazama. Desturi hii ingali na nguvu nchini Burundi. Uchunguzi wa afya uliofanywa mwaka 2016 na 2017 ulionyesha kuwa watoto zaidi ya 8 katika kila 10 walio chini ya miezi sita walikuwa wakilishwa maziwa ya mama peke yake. Nchi nyingi zenye mali kuliko Burundi hazijafika hapo.

Mali kama hii haikosi wa kuitamani. Biashara ya maziwa ya unga ya watoto wachanga huingiza kiasi cha dola bilioni 55 kila mwaka duniani, na kila mama anayenyonyesha ni mteja ambaye bado hajapatikana. Zamani wauzaji walimfuata hospitalini. Siku hizi humfuata katika simu yake.

Katika nyumba za askari simu si kitu cha anasa. Baba akiwa kazini mbali, kama walivyokuwa wanajeshi wa Burundi nchini Somalia kuanzia mwisho wa mwaka 2007 hadi mwaka 2024, ni katika kioo cha simu alikomwona kwa mara ya kwanza mtoto aliyezaliwa nyuma yake. Mama naye, akiwa peke yake usiku na mtoto asiyetaka kulala, huiuliza simu hiyo hiyo maswali ambayo zamani angemwuliza mama mkwe. Hapo ndipo mfanyabiashara anapomkuta.

Shirika la Afya Duniani lilieleza namna mchezo huu unavyochezwa katika taarifa yake ya mwezi Aprili 2022. Makampuni hukusanya au hununua habari za watu: nani ni mja mzito, nani amejifungua, nani ameuliza juu ya mtoto anayelia. Kisha kila mmoja hupelekewa ujumbe unaolingana na shida yake, na kwa saa ile ile anapohangaika. Huundwa vikundi vya akina mama vinavyoonekana kuwa vya kusaidiana, na huwekwa mashauri ya bure na mashindano yenye zawadi. Tena hulipwa watu mashuhuri wenye wafuasi wengi, ili waonyeshe picha za watoto wao wanene karibu na kopo, na mtazamaji adhani anaongea na rafiki. Wachunguzi walipitia maandishi milioni 4 yaliyohusu ulishaji wa watoto wachanga, yaliyotolewa katika mitandao ya kijamii kati ya Januari na Juni 2021, wakakuta yamewafikia watu bilioni 2.47. Kurasa za makampuni yenyewe zilitoa kitu kipya mara 90 hivi kwa siku.

Tangazo lililobandikwa ukutani hujulikana kuwa ni tangazo. Mtu hulipita, au husimama akalisoma huku akijua kwamba kuna anayetaka fedha zake. Lakini picha iliyotumwa na shoga, aliyeipata kwa shoga mwingine, haina sura ya biashara. Wala mtandao haujui mpaka wa Mabanda wala wa Gatumba. Kinachotengenezwa Nairobi, Dar es Salaam au Paris huweza kufika Rumonge kabla ya chakula cha mchana, maana wasomaji wa Kiswahili na Kifaransa hupelekeana.

Wenye umri mkubwa hawataona ajabu, kwa kuwa hadithi hii ina miaka mingi. Mwaka 1974 chama cha War on Want cha Uingereza kilichapisha kijitabu kilichoshutumu namna maziwa ya kopo yalivyokuwa yakiuzwa katika nchi maskini. Wakati huo yalikuwapo makampuni yaliyowavika wauzaji wa kike mavazi yaliyofanana na ya wauguzi, wakaingia katika wodi za wazazi kugawa makopo ya bure. Kundi la vijana wa Uswisi lilikitafsiri kijitabu hicho kwa kichwa kikali zaidi, na kampuni ya Nestlé ikawashtaki. Mwaka 1976 mahakama ya Bern iliipa kampuni ushindi, vijana wakatozwa faini ya faranga 300 kila mmoja. Lakini hakimu huyo huyo aliitaka Nestlé irekebishe mwenendo wake wa kutangaza. Mwaka uliofuata watu wa Marekani walianza kususia bidhaa zake. Hatimaye, mwezi Mei 1981, Mkutano Mkuu wa Afya Duniani mjini Geneva ulipitisha Kanuni ya Kimataifa inayokataza kuwatangazia wananchi vyakula vinavyochukua nafasi ya maziwa ya mama, na kuwagawia akina mama makopo ya bure. Nchi 118 ziliunga mkono. Iliyopinga ilikuwa moja tu, Marekani.

Kanuni hiyo iliandikwa kwa ajili ya dunia ya mabango, magazeti na redio. Aliyefukuzwa mlangoni amerudi kwa dirishani. Ilipofika Mei 2025 ndipo mkutano huo huo wa Geneva ulipopitisha azimio la kuzitaka serikali zidhibiti matangazo ya namna hii katika mitandao.

Lakini kwa nini jambo hili liitie wasiwasi Rumonge kuliko Geneva? Jibu ni maji. Ziwa Tanganyika ndilo ghala la pwani hii, na pia ndilo kisima cha wengi wasio na bomba. Kipindupindu huzuka mara kwa mara katika ufuko wa Rumonge na Nyanza-Lac. Mwaka 2024 ziwa lilipofurika hadi kuingia majumbani, maji ya vyooni na ya kunywa yalikaribiana mno. Ni maji hayo ambayo mama anatakiwa kukorogea unga wa kopo, mara kadha wa kadha usiku na mchana. Aidha unga wenyewe hauwi umeuliwa vijidudu vyote. Wataalamu husema ukorogwe kwa maji yaliyochemshwa, yangali na moto usiopungua nyuzi 70, kisha yapozwe kabla ya kumpa mtoto. Kila chupa moja, basi, ni moto wa makaa, sufuria safi, chuchu iliyochemshwa, na mtu aliye macho. Katika picha za simu hayo yote hayaonekani.

Halafu kuna mshahara. Kopo hununuliwa, huisha, na mwisho wa mwezi ungali mbali. Mama hupunguza kipimo ili unga ufike. Mtoto hushiba maji, hanyamazi, naye mama huambiwa tena na simu kuwa maziwa yake hayatoshi. Kumbe yalipungua kwa sababu ya chupa: titi hutoa kwa kadiri linavyonyonywa, na mtoto aliyeshibishwa kwa kopo hanyonyi. Wataalamu walioandika katika jarida la Lancet mwezi Februari 2023 walionyesha kuwa makampuni hukichukua kilio cha kawaida cha mtoto, na kukosa kwake usingizi, wakakifanya kama ugonjwa unaotibiwa kwa kopo. Katika nchi ambayo zaidi ya nusu ya watoto walio chini ya miaka mitano wamedumaa, hiyo ni biashara ya kutisha.

Haifai, hata hivyo, kuliita kopo sumu. Yupo mtoto aliyefiwa na mama yake, na yupo mama ambaye daktari amemkataza kunyonyesha kwa sababu ya dawa anazotumia. Hao wanalihitaji, na mahali pa kuelekezwa ni kituo cha afya, ambapo mtoto hupimwa uzito na kipimo cha unga huelezwa. Mama mwenye virusi vya ukimwi asiharakishe kumwachisha mtoto. Akitumia dawa zake sawasawa, wauguzi humsaidia kunyonyesha.

Baba naye asidhani hayamhusu. Mara nyingi ni yeye, akiwa kambini, anayetumiwa picha ya kopo na kuombwa fedha, naye hutuma upesi kwa mapenzi ya mwanawe. Afadhali aulize kwanza: ni nani aliyetoa ushauri huo, muguzi au mtu mwenye duka? Kama mtoto hakojoi vya kutosha, au uzito wake haupandi, fedha hiyo na iwe nauli ya kumfikisha kwa muuguzi siku ile ile.

Na kwa mama anayerudi kazini, polisi wa zamu au muuzaji wa mawese sokoni, iko njia isiyotangazwa na yeyote, kwa kuwa haina faida kwa mtu. Huosha mikono kwa sabuni, hukamua maziwa yake katika kikombe kilichochemshwa, hukifunika na kukiweka mahali pa baridi, na kumwachia bibi wa mtoto. Kwa joto la Rumonge maziwa hayo yatumike katika muda wa saa chache. Bibi humnywesha mjukuu kwa kikombe, taratibu, bila chupa wala chuchu, na jioni mama akiingia mlangoni mtoto hunyonya kama kawaida.