Uvimbe Mkubwa wa Ubongo: Sababu Gani Wanganga Wanagawanya Miali

Mutu anaugua kansere ya mapafu au ya titi. Siku moja kichwa kinamuuma sana, anatapika asubuhi, mukono mumoja unalegea. Katika lopitali wanapiga picha ya kichwa, wanaona uvimbe. Uvimbe huu haukuzaliwa katika ubongo. Mbegu zake zilitoka katika mapafu au titi, zikachukuliwa na damu, zikaota kichwani. Ndiyo maana tunauita uvimbe wa pili.

Zamani wanganga walipiga ubongo wote kwa miali isiyoonekana kwa macho. Miali ile inasaidia, lakini mara nyingi inapunguza ukumbusho wa mugonjwa. Kuko njia nyingine, ile ya munganga Lars Leksell, mutu wa Sweden. Katika mwaka 1951 alieleza namna ya kukusanya miali pahali pamoja tu. Mashine yake ya kobalti ilianza kazi mwaka 1968; ilikuwa na vyanzo 179 vya miali. Kobalti ni madini tunayoyajua vizuri katika Katanga, lakini ile ya mashine imegeuzwa kwanza katika tanuru ya atomi. Kila mwali peke yake ni zaifu, unapita ubongoni bila kuuharibu. Lakini yote inakutana katika uvimbe, na pale nguvu yake ni kubwa.

Pengine musomaji atauliza: «Kama uvimbe ni mukubwa, si lazima kuongeza miali?» Tuangalie vizuri. Uvimbe wa sentimetre 4 kwa upana haupiti ule wa sentimetre 2 mara mbili tu: ujazo wake ni mara nane. Na kadiri unavyokuwa mukubwa, ndivyo miali inavyofikia zaidi nyama nzima ya ubongo iliyo kando yake. Nyama hiyo inaweza kufa na kuvimba miezi mingi baadaye. Kwa hiyo, mwaka 2000, wanganga wa Marekani walitangaza mipaka kwa wagonjwa waliokwisha kupigwa miali kichwani mbele. Miali inapimwa kwa grei. Kwa mara moja, walisema, grei 24 kwa uvimbe usiopita sentimetre 2, 18 mpaka sentimetre 3, na 15 tu mpaka sentimetre 4. Hapo ndipo penye shida: uvimbe mukubwa unataka nguvu nyingi, nao unapewa kidogo.

Basi wanganga wanagawanya. Wengine wanatoa grei 27 kwa mara tatu. Katika Japani, mwaka 2009, wanganga walieleza namna ya kutoa grei 10 mara tatu, na kungoja majuma mawili kila mara. Wakati wa kungoja nyama nzima inapata nafasi ya kupona, na mara nyingi uvimbe wenyewe unapungua. Lakini kama uvimbe unabana ubongo na kutisha uzima, pengine ni lazima kupasua kwanza, kisha kupiga miali katika shimo lililobaki.

Tusidanganyane: matunzo haya hayaondoi kansere iliyo pengine mwilini. Lakini yanaweza kumwachia mugonjwa akili yake, hata aseme na watoto wake na kupanga mambo ya nyumba yake. Basi tukimutembelea mugonjwa wa namna hii, tusiseme «umelogwa», wala tusimwahidie kupona kabisa. Tumwambie ukweli kwa upole, na tumuhimize afike upesi kwa munganga, uvimbe ungali mudogo.